UZI: Dodoso limechoka. Tafiti za rasilimali watu zimehamia kwingine, sisi bado tunagawa karatasi

JaladaSiri (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni afisa utumishi kwenye halmashauri moja huku Kanda ya Ziwa, huu ni mwaka wa kumi na moja. Uzi utakuwa mrefu, mtanisamehe, maana jambo lenyewe limenikaa moyoni.

Wiki iliyopita walipita ofisini kwangu vijana watatu wa shahada ya uzamili, kila mmoja na bahasha yake ya dodoso. Vyuo tofauti, mada moja: mchango wa mafunzo katika utendaji wa watumishi, halafu jina la halmashauri yetu. Na mimi mwaka wangu niliandika hiyo hiyo, kwa hiyo siwalaumu.

Nikamsindikiza mmoja wao masijala akachukue dodoso alizoacha asubuhi. Tukamkuta mama wa masijala anajaza za wenzake nane waliokuwa uwandani. Kalamu moja, mkono mmoja, tiki zinashuka kwenye safu ya "nakubali" mstari ulionyooka mpaka chini, anageuza karatasi, anaanza nyingine. Alifanya kwa huruma, kwa sababu kijana alisema basi lake linaondoka saa tisa na nusu. Kijana akasimama pale mlangoni, akaangalia, hakusema neno.

Sasa kilichoniuma ni hiki. Nyuma ya yule mama, kwenye rafu, kulikuwa na rejista ya likizo tangu 2009, rejista ya uhamisho, barua za waliopangiwa vituo wakakataa kuripoti, na fomu za OPRAS (mfumo wa zamani wa kupima utendaji wa watumishi) za miaka mingi, zile tulizokuwa tunajaza nakala tatu. Yaani kila kitu ambacho watumishi WALIFANYA kilikuwa pale. Yule kijana alikuja kuuliza watumishi WANAJISIKIAJE, na hata hilo akajibiwa na mtu mmoja kwa niaba ya wanane.

Huko nje utafiti wa fani yetu ulishagombana na swali hili na kusonga mbele. Mwaka 1995 mtafiti Mark Huselid alichukua kampuni karibu 1,000 za Marekani akaonyesha kuwa zile zenye utaratibu mzuri wa kuajiri, kufunza na kulipa, watu wao hawaachi kazi hovyo na tija yao iko juu. Andiko lile limezaa watoto na wajukuu, na sehemu kubwa ya tasnifu zetu ni wajukuu wake. Lakini likabaki swali la kuku na yai: mafunzo ndiyo yaliyoleta faida, au kampuni yenye faida ndiyo inayomudu mafunzo? Dodoso haliwezi kujibu hilo hata uligawe kwa watu elfu kumi.

Ndiyo maana mwelekeo wa sasa ni kuangalia kilichotokea kweli. Ama unafanya jaribio kwa kupiga kura ya bahati nasibu nani apate utaratibu mpya na nani abaki na wa zamani, ama unachukua kumbukumbu zilizopo kazini ukazisoma kwa akili. Na mifano mizuri kabisa haiko Ulaya, iko hapa kwetu.

Wangapi mnaijua KiuFunza? Ni jaribio lililoendeshwa na shirika la Twaweza mwaka 2013 na 2014 kwenye shule za msingi 350, wilaya 10 za Tanzania bara, na matokeo yakachapishwa 2019 na Isaac Mbiti na wenzake. Swali lao ni lile ambalo kila kikao cha bajeti hulizunguka: ukitaka mwalimu afanye vizuri, umpe vifaa au umpe motisha? Shule zikagawanywa kwa kura. Kundi la kwanza likapata ruzuku ya Sh 10,000 kwa kila mwanafunzi. La pili halikupata ruzuku, bali mwalimu wa darasa la kwanza hadi la tatu aliahidiwa Sh 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu Kiswahili, Kiingereza au Hisabati, na mwalimu mkuu Sh 1,000. La tatu likapata vyote viwili. Nyingine zikabaki kama zilivyo ili kuwe na wa kulinganisha naye.

Ruzuku peke yake haikuongeza alama za watoto. Tena wazazi, walipoona shule imepata pesa, wakapunguza waliyokuwa wanatumia wao. Motisha peke yake matokeo yakawa ya kuchanganya, hapa yapo, pale hayapo. Lakini pale vilipokwenda pamoja, watoto walijifunza zaidi kwa namna inayoonekana, na vilipounganishwa vilizidi jumla ya kila kimoja kikisimama peke yake.

Mimi niliposoma hilo nilikumbuka mabishano yote niliyoyasikia ukumbini, upande mmoja "tuongeze vitendea kazi", upande wa pili "hawa watu hawajitumi". Wote walikuwa na nusu ya jibu, na hakuna dodoso lingewaambia hivyo, kwa sababu ukimuuliza mwalimu kama angependa vifaa atasema ndiyo, ukimuuliza kama angependa pesa atasema ndiyo.

Rwanda walikwenda mbali zaidi. Kwa ajira za mwaka wa shule 2016, kwenye wilaya sita, nafasi za walimu wa msingi zilitangazwa kwa masharti mawili tofauti: sehemu nyingine tangazo linasema kuna bonasi ya faranga 100,000 kwa walimu watakaoingia asilimia 20 ya juu kwa utendaji, sehemu nyingine faranga 20,000 kwa kila mmoja. Watu wakaomba, wakaajiriwa. Kisha shule zikapigiwa kura upya, upi kati ya mikataba hiyo utatumika hasa. Kwa njia hiyo waliweza kutenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya kila siku: mkataba unavuta watu wa aina gani, na mkataba unamfanya mtu yuleyule afanye kazi vipi.

Hofu ilikuwa kwamba bonasi itavuta wapenda pesa. Na kweli, walipopewa mchezo wa kugawana pesa na wengine, waliovutwa na tangazo la bonasi walijibakizia zaidi. Lakini darasani hawakuwa wabaya kuliko wenzao, na bonasi ilipotumika walimu walijituma zaidi. Kufikia mwaka wa pili watoto wao walikuwa wamejifunza zaidi, na walimu hawakuacha kazi kwa wingi kama ilivyohofiwa.

Tuje kwenye usaili, eneo ambalo kila mtu nchini ana donda lake. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato (TRA) walitangaza nafasi 1,596, wakajitokeza waombaji zaidi ya 130,000. Unapochuja watu wengi kiasi hicho, kipimo unachotumia ni maisha ya watu.

Kwa zaidi ya miaka ishirini vitabu vyetu vilisimama juu ya andiko la watafiti Schmidt na Hunter la 1998, lililokusanya tafiti za miaka 85 na kuuweka mtihani wa uwezo wa akili miongoni mwa vipimo vya juu kabisa vya kutabiri nani atafanya kazi vizuri. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walirudia hesabu. Shida waliyoiona inaeleweka bila hesabu ngumu: unaweza kupima utendaji wa walioajiriwa tu, waliokatwa huwaoni tena, kwa hiyo watafiti walikuwa wanaongeza kidogo kufidia wale wasioonekana. Sackett akaonyesha kwamba mara nyingi waliongeza kupita kiasi. Alipoondoa ziada hiyo, mtihani wa akili ukashuka, na kileleni ikapanda saili yenye mpangilio: maswali yaleyale kwa kila msailiwa, na alama za kila jibu zimeandikwa kabla mlango haujafunguliwa. Mahojiano ya kupiga soga yako chini sana. Na idadi ya miaka ya uzoefu, ile tunayoiandika kwenye kila tangazo, "awe na uzoefu usiopungua miaka mitano", iko karibu na mwisho kabisa wa orodha.

Nimewahi kukaa kwenye jopo la ajira za muda ambapo msailiwa wa kwanza aliulizwa kuhusu kazi yenyewe, wa pili akaulizwa kwao ni wapi na mzee wake anafanya nini, wa tatu akaulizwa anaionaje hali ya mpira. Kisha tukajaza alama. Yule binti wa tatu alikuwa na cheti kizuri kuliko wote na alitoka pale hajaulizwa hata swali moja analolijua. Sura yake naikumbuka mpaka leo.

Karibuni tujadili, hasa wanafunzi.

Mzamili_26

Shikamoo mkuu. Asante kwa uzi. Mimi niko kwenye hatua ya andiko la utafiti na mada yangu, naogopa kuisema, ni hiyo hiyo ya mafunzo. Swali langu: hayo majaribio ni ya watu wenye pesa. Mimi sina hata nauli ya kurudi uwandani mara mbili. Shule 350 nitazitoa wapi?

JaladaSiri

Marahaba. Huhitaji kuendesha jaribio. Kazini mambo hutokea yenyewe, kazi yako ni kuyaona. Mtafute mchumi Jonas Hjort, andiko la 2014, kiwanda cha kufungasha maua Kenya. Hakuegemea dodoso la kuuliza watu wanajisikiaje. Alichukua kumbukumbu za uzalishaji za kila siku ambazo kiwanda kilikuwa nazo tayari kwa ajili ya kulipa mishahara.

Kila timu ilikuwa ya watu watatu: mmoja anachambua maua na kuwapelekea wawili, nao wanafunga mashada. Wale wawili hulipwa kwa shada, na anayewapelekea hulipwa kutokana na jumla yao. Upangaji wa timu haukuangalia kabila. Akagundua kuwa mchambuzi akiwa wa kabila tofauti na wafungaji, anawapelekea maua machache, ingawa anajipunguzia mshahara wake mwenyewe. Kisha zikaja vurugu za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na pengo likapanuka. Mwanzoni mwa 2008 uongozi ukabadilisha malipo: wale wawili wakaanza kulipwa kwa jumla yao wote. Kumpendelea mmoja dhidi ya mwenzake kukawa hakuna maana tena, na upendeleo wa aina hiyo ukaisha.

Hebu fikiri. Karatasi za mishahara, zile unazopita nazo kwenye korido.

Kwa Maua

Hujambo mleta uzi. Mimi ni Mkenya, nilifanya kazi kwa shamba moja la maua kule Naivasha miaka minne, sitalitaja. Sijasoma huyo Hjort lakini hiyo meza naijua. Anayekuletea maua ndiye anashika siku yako. Akitaka, anakuwekea mashina marefu yamenyooka, unafunga bila kusimama. Akikuchukia, anakuletea yale yamepinda yenye miiba haijatolewa, unabaki ukisafisha na mwenzako anakupita kwa mashada ishirini. Hakuna mahali unaweza kwenda kulalamika, utasema nini? Kwamba ameniletea maua mabaya? Supavaisa anaangalia tu idadi jioni.

Mwaka huo wa 2008 nilikuwa kazini huko. Tulikuwa tunakaa meza moja bila kusalimiana. Kama mtu angenipa fomu niandike kama tunashirikiana vizuri kazini, ningeandika ndiyo, kwa sababu niliogopa. Kwa hivyo nakubaliana na wewe kabisa.

JaladaSiri

Pole sana dada, na asante kwa kuyasema. Umeeleza kwa sentensi moja jambo ambalo mimi nimehangaika nalo uzi mzima: fomu ingesema ndiyo. Mzamili_26, nukuu hiyo iandike kwenye daftari lako.

Mwl. wa Zamu

Mkuu, mimi ni mwalimu, miaka 16 chaki mkononi. Nikisikia "motisha kwa matokeo" natetemeka. OPRAS ilikuja 2004 tukaambiwa itatupima kwa haki, tukaishia kunakili malengo ya mwaka jana na kubadilisha tarehe. Sasa ni PEPMIS, mfumo wa kidijitali uliochukua nafasi yake, najaza majukumu kwenye simu usiku kwa sababu mtandao wa mchana haufiki shuleni. Mwanafunzi wangu wa darasa la pili anatembea kilomita nyingi bila kunywa uji, nitalipwa au kunyimwa kwa sababu yake? Watafiti wanaoandika hayo wamewahi kusimama mbele ya watoto 110?

JaladaSiri

Mwalimu, hoja yako ina uzito na sitaki kuipita juujuu. Jambo la kwanza, KiuFunza haikumkata mtu mshahara. Ilikuwa nyongeza juu ya mshahara, na ilimlipa mwalimu kwa mtoto aliyefaulu, basi. Mfumo unaoongeza na mfumo unaoadhibu havifanani, na anayevichanganya anakuonea.

Pili, kuhusu PEPMIS mimi niko upande wako zaidi ya unavyodhani. Tulipohama kutoka OPRAS mwaka wa fedha 2023/24, tulihamisha kipimo kutoka karatasi kwenda kwenye mfumo, lakini je, mtu aliyefanya kazi vizuri ndiye anayepata asilimia kubwa, au ni yule mwenye intaneti nzuri na mkuu anayeidhinisha haraka? Hilo ndilo ningependa mwanafunzi mmoja alichunguze kwa dhati. Linganisha alama za vituo vyenye mtandao na visivyo na mtandao, watumishi wa kada moja, daraja moja. Kama pengo lipo, tulionyeshe kwa takwimu ili wewe usiendelee kuamka saa tano usiku.

Ofisi ya Nyumbani

Na hizi habari za kufanyia kazi nyumbani? Na akili mnemba (AI)? Huko ndiko kila kongamano linakoelekea, naona mleta uzi umezikwepa.

JaladaSiri

Sikuzikwepa, nilikuwa nasubiri mtu aulize.

Kazi ya nyumbani, msome mchumi Nicholas Bloom. Jaribio lake la kwanza lilikuwa China, kampuni ya safari ya Ctrip, wapokea simu waliokubali kushiriki wakapigiwa kura ya bahati nasibu nani afanyie kazi nyumbani. Utendaji ulipanda asilimia 13, ila waliokuwa nyumbani walipandishwa vyeo kidogo kuliko kazi yao ilivyostahili. Anayeonekana ndiye anayekumbukwa, hata huko. Mwaka 2024 wakatoa jingine la kampuni hiyohiyo, watu 1,612, siku mbili nyumbani kwa wiki: walioacha kazi walipungua kwa theluthi moja, na safari hii vyeo havikuathirika. Kwa nesi na mwalimu hayo hayana msaada mkubwa, lakini kwa wahasibu na watu wa TEHAMA wa taasisi zetu kuna la kuuliza.

Akili mnemba ni habari ndefu zaidi. Mwaka 2018 shirika la habari la Reuters liliandika kwamba Amazon ilikuwa imeachana na programu yake ya kuchuja wasifu wa waombaji. Ilikuwa imefundishwa kwa maombi ya miaka kumi ya nyuma, mengi ya wanaume, ikajifunza kwamba mwanaume ndiye mwombaji mzuri. Wasifu wenye neno la kuonyesha mwombaji ni mwanamke, mfano nahodha wa klabu ya wanawake, ulishushwa alama. Mashine haikuwa na chuki, ilisoma majalada yetu ya zamani ikatuamini. Sasa piga picha ikifundishwa kwa majalada ya ajira ya kwetu, majina ya ukoo yakiwa yameandikwa pale juu.

Kwa upande mwingine, mchumi Erik Brynjolfsson na wenzake walifuatilia wahudumu wa wateja zaidi ya 5,000 waliopewa msaidizi wa akili mnemba. Wageni kazini waliongeza kasi kwa karibu theluthi moja, wakongwe hawakupata kitu cha maana. Maana yake ni kwamba mashine ilichukua ujuzi wa wakongwe na kuwagawia wageni. Je, mkongwe alilipwa kwa ujuzi wake huo? Hapo ndipo pana tasnifu.

Mzamili_26

Mkuu nimelala nikiwaza. Nikienda masijala kuomba rejista, si nitaambiwa ni siri? Na ile sheria ya taarifa binafsi?

JaladaSiri

Vizuri umeuliza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na Kenya wana yao ya 2019. Usiguse jalada la mtu bila kibali. Andika barua kwa mkurugenzi, eleza unataka nini na hutaki nini. Omba upewe bila majina na bila namba za hundi (namba za mtumishi kwenye orodha ya mishahara): kada, daraja, kituo, tarehe ya kuripoti, tarehe ya kuondoka. Jalada la siri usiliombe kabisa. Ukiandika hivyo mkurugenzi hana sababu ya kuogopa.

Na mada ibadilishe. Usiulize kama mafunzo yana mchango. Uliza: watumishi walioripoti vituo vilivyo mbali na makao makuu ya wilaya, hukaa muda gani kabla ya kuomba uhamisho, na je, nyumba ya mtumishi inabadilisha chochote? Mwalimu wa zahanati na mwalimu wa shule, samahani, tabibu wa zahanati na mwalimu wa shule, walinganishe.

Mwl. wa Zamu

Hiyo ya nyumba naiunga mkono. Shuleni kwetu waliokaa ni wale waliopata nyumba. Tulikuwa saba, tumebaki watatu, na nyumba ni tatu.

Mzamili_26

Wakuu nimerudi baada ya wiki tatu. Kibali kimetoka, msimamizi kakubali mada mpya ingawa alinung'unika kidogo. Nimeanza na rejista ya uhamisho ya 2015 hadi 2019, naiingiza kwenye kompyuta mstari kwa mstari. Nimekwama: kuna watu 14 wameandikwa "amehama" bila tarehe ya kuondoka. Niwatoe kwenye hesabu?

JaladaSiri

Usiwatoe. Waliokosa tarehe wanaweza kuwa ndio walioondoka kwa hasira bila kuaga, ukiwatoa umewatoa watu unaowatafuta. Orodha ya mishahara usiitegemee peke yake, jina huchelewa kutoka. Kuna daftari la makabidhiano ya ofisi, kila anayeondoka hurudisha funguo na vifaa, na mkuu wa kituo husaini na kuweka tarehe. Liko kabati la chini, jalada la kijani, gamba limechanika pembeni. Jumatatu niko ofisini kuanzia saa moja na nusu, njoo nitamwomba mama wa masijala alitoe kwa kufuata kibali chako.